Kamera ya Pili

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na nyumba yake aliijenga mwenyewe baada ya kuachika. Kwa hiyo majirani walipoanza kumshauri ahame, aliwacheka. Kila kukicha alikuta mlango wa uani uko wazi, ilhali aliufunga kwa komeo, kwa ndani.

"Hapo pana wenyewe," walimwambia.

"Mwenyewe ni mimi," alijibu. "Wengine ni wageni, na mgeni hubisha hodi."

Asubuhi moja ya jua kali akamwita fundi wa kamera, bwana mwenye kitambi na maneno mengi. Mimi nilishika ngazi. Fundi alifunga kamera juu ya mlango wa uani, akavuta waya hadi kwenye ruta ya intaneti sebuleni, akawasha kompyuta ya shangazi. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba.

"Mama, hii ikishaungana na mtandao wa humu ndani, hata mjusi hapiti bila wewe kumwona."

Akaiamuru kompyuta itafute kamera. Ikapata mbili.

"Umefunga ngapi?" shangazi akauliza.

"Moja. Hiyo nyingine labda ni ya jirani."

Akafungua ya kwanza: mlango wa uani, ndoo, kamba ya nguo. Safi kabisa. Akafungua ya pili.

Ilikuwa sebule. Sebule hii hii, na sisi watatu tumeinamia kompyuta, tunaonekana kwa juu, kutoka kwenye pembe ya dari. Niliinua mkono. Kwenye kioo cha kompyuta, mkono wangu ukainuka.

Tukageuka. Pale kwenye pembe hapakuwa na kitu. Ukuta mtupu.

Fundi akachomoa waya. Picha ya mlango ikapotea. Ya sebule ikabaki. Akazima ruta. Ikabaki. Kisha picha ikaanza kusogea, taratibu, kama mtu anayetambaa darini kutufuata. Utosi wa fundi ukazidi kuwa mkubwa, hadi nikaona matone ya jasho.

"Mama, tutoke," akanong'ona. Hakungoja jibu. Hata mkoba wake wa vifaa aliuacha.

Nilimvuta shangazi mkono. Akanisukuma. Aliburuta kiti hadi katikati ya sebule, akakaa, akainua uso. Midomo ilitetemeka. Sauti haikutetemeka.

"Umechungulia vya kutosha," alisema kwa sauti ya chini. "Tofali za hapa sikupewa na mtu. Sihami. Shuka tuonane uso kwa uso, au toka."

Redio ya jirani ikanyamaza.

Kwenye kompyuta, uso wa shangazi ulijaa kioo kizima. Nilipotazama juu ya kichwa chake sikuona kitu, hewa tu. Ncha ya kitambaa chake cha kichwani ikapepea, kama imepulizwa. Hakupepesa jicho.

"Nakungoja," akasema.

Ghafla vidole vikaziba picha. Virefu, vyeusi, vinatetemeka. Kama mtu anayejifunika macho.

Giza.

Shangazi yumo mle hadi leo, anashona, na mlango wa uani haujafunguka tena. Ila kwenye pembe ile ya dari pametokea alama za vidole. Alizipaka rangi, zikatokeza. Akakwangua rangi, akakwangua na lipu, akafika kwenye tofali.

Zimo humo pia. Zimedidimia, kama zilibonyezwa tofali likiwa bado bichi.