Sikuinuka Kwenye Ngazi

Kila mvua ilipoanza, kitu cha kwanza nilichookoa kilikuwa cherehani. Godoro lilisubiri. Nguo zilisubiri. Cherehani ndiyo inayotulisha mimi na binti yangu, kwa hiyo niliifunika nailoni kabla ya kitu kingine chochote. Kisha nikaweka sufuria juu ya kitanda, ndoo mlangoni, na mabakuli yote chini ya meza ya kukatia vitambaa. Vyombo vikawa vyote kazini. Hatukuweza kupika mpaka mvua ikome.

"Mama," binti yangu aliniuliza siku moja, "leo tukipata mgeni atakula kwa chombo gani?"

"Atakula kwa kiganja," nilimjibu. "Mkono wa pili ashike mwavuli."

Tulicheka, lakini paa halikuwa la kuchekesha. Bati zilikuwa nyekundu kwa kutu. Nilizigusa kwa mpini wa ufagio, ufagio ukatokea upande wa pili. Nikaona mbingu nikiwa chumbani kwangu.

Mume wangu, Mungu amrehemu, aliliezeka paa lile mara mbili. Mara zote mbili kutu ililila. Sisi tunakaa karibu na bahari. Upepo wetu una chumvi. Hata kufuli la mlango ukilisahau bila mafuta, linagoma kufunguka.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, anaishi mbali na sisi, huko juu bara, kwenye ukavu. Alipopata habari za paa, alinipigia simu.

"Shemeji, nakuja kukuezekea. Lakini sikiliza. Paa hili likivuja tena, basi. Utafunga mizigo uje kwetu, na nyumba tutaiuza. Mjane hawezi kuishi akikinga maji kwa sufuria."

"Nyumba hii siihami," nilimwambia. "Hapa ndipo nilipozaa, na hapa ndipo penye wateja wangu."

"Basi liombee paa."

"Naliombea kila siku."

"Vizuri. Nimekuchukulia bati za geji thelathini na mbili, ile namba ya unene. Muuzaji alitaka kunipa ishirini na nane, nikamkatalia katakata. Nikamwambia, hizi ni za mke wa kaka yangu, lete namba kubwa!"

Nilimshukuru. Lakini nilipokaa kwenye cherehani, jambo moja lilinikera. Paa la shemeji lina umri mkubwa kuliko binti yangu, na bado linang'aa. Kwa nini yetu mawili yamekufa?

Nikaenda kwa Mama Nyundo.

Mama Nyundo ni jirani yangu, fundi wa kuezeka. Nyundo yake haitoki kiunoni. Hata ibadani huja nayo, na wazee wetu wa ibada wamechoka kumkataza. Mdomo wake nao una nyundo yake. Nilimkuta uani akinyoosha misumari iliyopinda.

"Mama Nyundo, bati si bati tu?"

"Nani kakudanganya?" aliuliza. "Viatu ni viatu tu? Utavaa kandambili kwenda kuchimba mawe?"

"Sasa mbona bati za shemeji hazizeeki?"

"Kwa sababu kwao ni kukavu. Bati lile la chuma hupakwa zinki, na zinki ndiyo inayozuia kutu. Kwao, mvua ikinyesha, jua linakausha. Bati jembamba laweza kukaa miaka thelathini. Hapa kwetu chumvi inailamba zinki usiku na mchana. Bati hilohilo laweza kutoboka kabla ya miaka kumi. Pengine hata mitano halimalizi."

"Kwa hiyo hakuna paa la kudumu hapa?"

"Lipo, ukichagua kwa akili. Vigae vya udongo vilivyochomwa vizuri havijui kutu. Vinamzika aliyeviweka na mtoto wake. Ila ni vizito. Mbao za paa lako ni nyembamba, zitalala chini navyo."

"Na nyasi?"

"Nyasi ni baridi nzuri wakati wa joto. Penye ukavu, paa likiwa na mwinamo mkali, zinakaa miaka kumi na zaidi. Penye unyevu kama hapa zinaoza haraka. Kila baada ya misimu michache unarudi juu. Halafu uziogope na moto."

"Mjomba wangu ana yale mabamba ya zamani ya kijivu, yanayovunjika kama sahani. Alisema nikayachukue."

Mama Nyundo akaacha kugonga. "Yale yana asbesto. Usiyakate, usiyavunje, usiyatoboe. Vumbi lake likiingia kifuani halitoki. Mwache mjomba nayo yalipo, na asiyaguse."

"Sasa niezeke nini?"

"Alumini. Ni nyepesi, mbao zako zitaibeba, na chumvi haiili upesi. Ikipigiliwa vizuri itapita miaka thelathini hapahapa. Lakini usiipigilie misumari ya chuma cha kawaida. Alumini na chuma vikigusana penye chumvi, vinalana. Tumia misumari ya alumini, yenye mpira kichwani. Na upigilie kwenye mgongo wa bati, usipigilie bondeni. Maji hupita bondeni. Ukitoboa bondeni, umeyakaribisha ndani."

Nilitaka kuondoka, nikakumbuka. "Shemeji analeta geji thelathini na mbili. Nene kabisa."

Mama Nyundo alicheka mpaka nyundo ikamtoka mkononi.

"Nene? Hiyo ni karatasi! Geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Ishirini na nane ndiyo nene."

"Namba kubwa iwe nyembamba?"

"Wewe unashona. Uzi namba sitini na uzi namba arobaini, upi mwembamba?"

Nimeshona uzi huo maisha yangu yote.

"Sitini," nilisema.

"Basi umeshaelewa geji."

Siku shemeji alipofika na lori, watu wa mtaa walikuwa wamejaa barabarani. Alishuka kwa furaha, akawaambia vibarua wake wapande waanze kubomoa. Walitafuta ngazi. Ngazi ni ya marehemu mume wangu, na siku hiyo nilikuwa nimeilaza mlangoni nikaikalia.

"Shemeji, inuka, watu wafanye kazi."

"Bati hizi hazipandi kwenye nyumba yangu."

"Nini?"

"Ni nyembamba. Hapa pana chumvi. Zitatoboka, paa litavuja, nawe utaniambia nifunge mizigo. Sifungi."

Alikunja uso. "Shemeji, wewe ni mtu wa ibada. Unabishana na mwanamume mbele za watu?"

"Ibada imenifundisha kupiga magoti mbele ya Mungu. Mbele yako nimekaa."

Watu wakaguna. Mama Nyundo akapenya katikati yao.

"Na huyu ni nani?" shemeji aliuliza. "Mwanamke wa juu ya paa?"

"Ndiyo. Wewe wa chini ya paa unajua nini?"

"Najua namba! Thelathini na mbili ni kubwa kuliko ishirini na nane. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua!"

Nilimwita binti yangu alete nyuzi mbili kutoka kwenye droo ya cherehani. Nikampa shemeji mmoja mmoja.

"Huu ni namba arobaini. Huu ni namba sitini. Zikate kwa mkono."

Alivuta wa sitini, ukakatika mara moja. Alivuta wa arobaini, ukamkata kidole yeye.

"Ndivyo bati zilivyo," nilimwambia. "Kubwa ni namba. Bati lenyewe ni jembamba."

Mama Nyundo akavuta bati moja kutoka kwenye lori, akalishika pembe na kulikunja kwa vidole viwili, kama anayekunja bahasha. Kisha akaleta kipande cha geji ishirini na nane kutoka kwake. "Kunja hiki sasa."

Shemeji alijaribu. Alikaza meno. Bati halikusogea. Mtu mmoja kati ya watazamaji akasema, "Mpeni maji huyo!"

"Muuzaji hakuniambia," shemeji alisema kwa sauti ndogo.

"Ulimwambia alete namba kubwa," nilisema. "Akakuletea."

Akakaa pembeni yangu kwenye ngazi.

"Sasa nizifanye nini bati hizi?" aliuliza.

"Zirudishe kwako, uezeke ghala. Huko ni kukavu, zitakaa. Mimi nina akiba ya kushona. Haitoshi nyumba nzima kwa alumini, inatosha vyumba viwili. Baraza itangoja. Bora vyumba viwili vikavu kuliko nyumba nzima ya sufuria."

"Na likivuja?"

"Halitavuja. Wala kuhama sihami, livuje lisivuje. Mungu namwomba kila siku, lakini sijawahi kumwomba anipigilie misumari. Hiyo ni kazi yetu."

Ndipo nilipoinuka kwenye ngazi. Nikaikabidhi kwa Mama Nyundo.

Alituezekea kwa alumini, kila msumari kwenye mgongo. Mwaka uliofuata nikaongeza baraza. Mvua zimekuja na kuondoka mara nyingi tangu hapo. Sufuria imerudi jikoni, na mabakuli yamerudi mezani.

Majuzi shemeji alikuja kututembelea. Alikula, akanywa, lakini macho yake yalikuwa darini.

"Hata tone?" aliuliza.

"Ngazi iko nyuma ya nyumba. Panda ukaangalie mwenyewe."

Alipanda kweli. Nilimsikia akitembea polepole, akigonga hapa na pale, akitafuta kutu. Alikaa huko muda mrefu. Aliposhuka alijipangusa mikono, akatazama pembeni.

"Vipi?" nilimuuliza. "Nifunge mizigo?"

"Funga ya kwangu," alisema. "Gari litaniacha."

Mvua ilianza kabla hajafika barabarani. Nilikuwa katikati ya kushona sketi ya shule. Niliisikia ikipiga juu ya alumini kwa nguvu zake zote. Binti yangu alinyoosha mkono kuchukua nailoni.

"Iache," nilimwambia, nikaendelea kushona.