Kofia ya Kupimwa Mbele ya Watu

Nyumba yetu katika mji wa Mutsamudu ilikuwa katika kichochoro chembamba. Asubuhi kulinukia karafuu zilizoanikwa juu ya mapaa. Jirani yetu Moinahalima alikaanga mandazi huku akimtania kila apitaye. Mama yangu, Rahamatou, alikaa kizingitini akitarizi kofia. Ah, siku zile! Leo ningepewa asubuhi moja tu kama zile, ningeipokea kwa mikono miwili.

Kofia ile ilikuwa ya Baba. Baba yangu, Abdou, alikuwa kuli wa bandarini. Kofia yake ya zamani ilichakaa mpaka akaona haya. Kila Ijumaa alisali safu ya nyuma kabisa. Mama aliitarizi hii mpya miezi mingi, tundu kwa tundu. Ilibaki kuungwa tu kwa kipimo cha kichwa.

"Idi hii Abdou atasali mbele," Mama alisema. "Nani kama yeye?"

Mimi ni Loutfia. Mwaka ule nilikubaliwa kusomea uuguzi Moroni, mji mkuu, ulio kisiwa kingine. Nyumba nzima ilifurahi. Lakini nilitakiwa kupeleka cheti cha kuzaliwa kabla ya Ramadhani kuingia. Bila cheti, nafasi yangu angepewa mwingine.

Mama akaenda ofisi ya vyeti. Karani wa dirishani alikuwa Bwana Hamidou, mtu wa maneno matamu.

"Njoo kesho, Mama Loutfia," akamwambia.

Kesho yake muhuri haukuwepo. Siku nyingine mtia sahihi alikuwa safarini. Njoo kesho, njoo kesho, mpaka Shaabani ikaingia. Ndipo siku moja Hamidou akainama na kumnong'oneza Mama.

"Nasikia unatarizi kofia nzuri. Unajua tena, mkono mtupu haulambwi."

Mama alirudi nyumbani amenyong'onyea. "Nitampa," alisema. "Ni adabu tu. Kwetu huendi kwa mtu mkubwa mikono mitupu."

"Mpe," Baba akajibu. "Kichwa changu kimeshazoea kofia mbovu."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Niliumia sana. Niliona ni mimi ninayemvua baba yangu kofia.

Juma lilelile shangazi yangu Nafissa, dada yake Baba, alishuka uwanja wa ndege wa Ouani. Alikaa mtaa wa Magoudjou, Moroni, na alifanya kazi serikalini. Mama alimpa chai na kumweleza habari yote. Shangazi akaweka kikombe chini.

"Wifi, hiyo si adabu. Hiyo ni rushwa."

"Rushwa ni noti, wifi. Hii ni kofia!"

"Kofia, kuku, chupa ya mafuta ya mlangilangi, yote ni rushwa. Hamidou analipwa mshahara kwa kazi ile. Na cheti ni haki ya mtoto."

"Basi zawadi na rushwa nitazijuaje?"

"Zawadi unaweza kuitoa mbele ya watu wote. Na usipoitoa, hakuna kitakachokwama. Rushwa hutakiwa kwa kunong'ona."

Mama akashusha sauti. "Na nikishitaki, yatanifika yapi? Miaka hii?"

Sote tulijua alichoogopa. Ilikuwa miaka ya mamluki, wale askari wa kukodiwa kutoka Ulaya walioingia nchini mwaka 1978. Makao yao yalikuwa Moroni, lakini hofu yao ilivuka maji ikatufika hata sisi. Watu walijifunza kunyamaza. Na pale watu wanaponyamaza, akina Hamidou hunenepa.

Shangazi akashusha pumzi. "Sikudanganyi, wifi. Hata sisi Moroni tunaogopa. Wako wakubwa wanaokula, na hakuna wa kuwauliza. Lakini maofisini kuna kidogo kinachoanza kunyooka. Ofisi yenu imeletewa mkuu mpya, Bwana Tadjidine. Ameagizwa asikilize malalamiko ya watu. Mjaribu."

Mama akaitazama ile kofia. "Mbele ya watu wote, eh?"

"Mbele ya watu wote."

Kesho yake Mama akajitanda shiromani yake nzuri, ile shuka ya wanawake wa kwetu, akanishika mkono, tukaenda. Ofisi ilijaa watu. Mama akajipenyeza mpaka dirishani. Akachomoa uzi.

"Bwana Hamidou! Toa kichwa nikupime!"

Hamidou akaruka. "Unanipima nini, Mama?"

"Kofia! Si umeniomba kofia ndipo cheti cha Loutfia kitoke? Nitaishonaje bila kipimo?"

"Sss! Si hapa, Mama!"

"Kwa nini si hapa? Kama ni zawadi, watu waione!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi mmoja akadakia kutoka nyuma, "Mimi aliniomba kuku! Je, na kuku wangu atapimwa?"

Mara mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka Bwana Tadjidine, mkuu mpya. Kicheko kikakatika.

"Kuna nini hapa?"

Mama akasema yote. Yule bibi naye akasema. Kisha mwingine, na mwingine. Bwana Tadjidine akamwamuru Hamidou afungue mtoto wa meza. Cheti changu kilikuwamo, kimekwisha tiwa sahihi na muhuri tangu zamani.

Bwana Tadjidine akanipa mkononi. Kisha akawageukia watu.

"Sikilizeni, jamaa. Hapa unalipa stempu tu, na unapewa stakabadhi. Bei yake nitaibandika mlangoni. Asiyejua kusoma aulize asomewe. Karani akikuambia njoo kesho bila sababu, au akikuomba kitu, usimpe. Njoo kwangu siku hiyohiyo. Hamtadhurika kwa kusema kweli."

Aliitimiza ahadi yake. Bei ikabandikwa. Hamidou akaondolewa dirishani. Kila alipokutana naye njiani, Mama alimsalimia vizuri tu, ila alikuwa akikitazama kichwa chake, na maskini Hamidou akikaza mwendo. Mpaka leo sijui kama siku ile Mama alikwenda kumpima kweli au alikwenda kumwumbua. Nilipomwuliza alicheka tu.

Niliwahi Moroni kabla ya Ramadhani. Siku ya kuondoka, Baba alinisindikiza Ouani amevaa kofia yake mpya. Idi ile alisali safu ya mbele, Mama aliniandikia.

Miaka imepita. Mamluki waliondoka. Baba alitutoka, na mwaka huu Mama naye akamfuata. Nikarudi Mutsamudu, nikaenda ofisi ileile kuchukua cheti chake cha kifo. Bei ilikuwa imebandikwa mlangoni. Karani, dada mmoja mpole, alinipa pole, akanipa stakabadhi, akanipa cheti. Niliingia asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimetoka. Hakuniomba kitu.

Nilifurahi, nikakaza mwendo kichochoroni nikamsimulie Mama. Nilifika mpaka kizingitini, karatasi mkononi, ndipo nikakumbuka.