Barua ya Simu Niliyoikata kwa Mkasi

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea sebuleni, karibu na dirisha, na mkasi wangu hauna simile. Karatasi yoyote ngumu ikiingia nyumbani, naikatia vipimo vya nguo: kola, mikono, mifuko. Baba watoto, ambaye ni seremala, husema cheti chetu cha ndoa kimepona kwa sababu tu kiko ndani ya kioo.

Pembeni ya cherehani kuna simu ya mezani. Ni nyeusi, nzito, na waya wake unatoka kwenye nguzo ya nje. Wageni huicheka, na mimi nilikuwa nacheka pamoja nao. Mama mkwe wangu hakuwahi kuicheka. Yeye ana pumu. Dawa ya kuvuta ikishindwa kumpa nafuu, hunyanyua simu hiyo, huita zahanati, na gari linakuja. Nyumba yetu iko bondeni. Simu za mkononi hapa hushika mtandao kwa kubahatisha, na ukitaka kuongea vizuri lazima upande mpaka kwenye geti la shule. Nani atapanda huko pumzi zikiwa zimembana?

Jumanne moja asubuhi nilikuwa na oda ya sare za shule. Ikaja barua ya kampuni ya simu, kwenye karatasi nzuri, ngumu. Nilisoma mstari wa kwanza tu, "Mteja wetu mpendwa," nikajiambia hayo ni matangazo yao. Nikaikata. Kola ilitoka safi kabisa.

Baada ya siku kadhaa akaja jirani yetu, Mzee Nguzo, kuchukua suruali niliyompunguzia kiuno. Jina hilo alilipata kazini. Alipanda nguzo za simu miaka thelathini mpaka akastaafu. Akaniuliza kama tumeshajibu barua. Nikamuuliza barua gani. Akanieleza kwamba kampuni inataka kung'oa waya wa shaba mtaa mzima, na kila nyumba itapewa kisanduku kipya cha simu, cha kuchomeka kwenye umeme.

Nilimwaga kapu la vipande chini, nikatafuta. Nikapata kola, mfuko na mikono miwili. Tukavipanga mezani, nikavishikanisha kwa pini. Tarehe ya mwisho ya kupeleka maoni ilikuwa kwenye mkono wa kushoto. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Mama mkwe alikuwa ametulia kwenye kiti chake. Akauliza hicho kisanduku kina ubaya gani.

"Umeme ukiwepo, hakina ubaya," alisema Mzee Nguzo. "Umeme ukikatika, kinazima. Simu hii haitumii umeme wa nyumba yenu. Nguvu yake inapita kwenye waya huohuo wa shaba, kutoka kituo cha simu. Kule kuna betri kubwa na jenereta."

Kwetu umeme hukatika kila mvua ikinyesha, na mvua hiyohiyo ndiyo humwamshia mama mkwe pumu. Niliona aibu. Nilikuwa nimekaribia kumkata pumzi mama wa mume wangu kwa ajili ya kola.

Baba watoto aliporudi na kusikia habari hiyo, alipanda mori. Alitaka kwenda ofisini kwao sasa hivi, na nyundo yake mkononi, akawape vidonge vyao. Mzee Nguzo alimwacha amalize.

"Ukifoka mlangoni, hakuna anayeandika," alimwambia. "Na mkikaa kimya, watahesabu kwamba mmekubali. Andikeni."

Nikasema basi, tuandike barua moja, mtaa mzima utie sahihi. Mzee akasema hiyo ni nzuri, lakini haitoshi. Kila nyumba iandike na ya kwake, kwa maneno yake, ieleze ni lini simu ya waya iliwafaa na ilikuwaje. Barua moja iende kwa kampuni, nakala iende kwa mamlaka ya mawasiliano, na nyingine ibaki nyumbani ikiwa imegongwa mhuri wa kupokelewa.

Mama mkwe alikwenda zahanati. Muuguzi alifungua daftari la wagonjwa, akamwandikia siku zote alizoita gari mwaka uliopita. Zilikuwa sita. Siku nne kati ya hizo, daftari lilionyesha pia kwamba umeme ulikuwa umekatika.

Mimi nilitumia njia yangu. Hakuna nguo iliyotoka kwangu kabla mwenyewe hajaandika barua. Mteja mmoja, mama muuza maziwa, alikuja juu. Alisema yeye hana simu ya mezani, kwa hiyo hayamhusu. Mama mkwe akamuuliza taratibu, siku mtoto wake alipoungua na maji ya moto, alikuja kupigia simu wapi. Mama muuza maziwa akaomba kalamu. Mpaka siku ya mwisho tulipeleka barua arobaini na moja.

Mamlaka iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa shule. Mtu wa kampuni alikuwa mpole, mwenye suti iliyomzidi mikono. Hakusema uongo. Alisema waya wa shaba umechakaa, wezi wanaukata, na vipuri ni shida kupatikana. Kisha akasema wateja wote walipewa taarifa, wakapata nafasi ya kuisoma. Mimi nikainua ile barua yenye pini, mkono huku, kola kule. Ukumbi ulicheka, na yeye pia akacheka.

Kicheko kilipoisha, mama mkwe alisimama. Alipumzika kidogo kabla ya kusema.

"Mwanangu, mimi sikatai kipya. Nileteeni kitu kitakachoita gari mvua ikinyesha na umeme ukiwa umekatika, nami simu ile nitawarudishia kwa mikono yangu. Lakini kitangulie kuja. Naogopa kufa nimeshika kitu kisichoita."

Akamkabidhi karatasi ya muuguzi. Yule mtu aliisoma yote.

Uamuzi ulikuja baada ya miezi miwili. Waya wa bondeni utabaki na utatengenezwa, mpaka kampuni ithibitishe mbele ya mamlaka kwamba kifaa kipya kinafanya kazi bila umeme wa nyumbani. Siku barua ya uamuzi ilipofika, mama mkwe aliukalia mkasi wangu mpaka nilipomsomea neno la mwisho.

Mwezi uliofuata mvua kubwa ilinyesha mchana. Umeme ukakatika, redio ikanyamaza. Mama mkwe akaanza kuhema kwa shida. Alivuta dawa mara ya kwanza, mara ya pili, wapi. Midomo ikaanza kubadilika rangi. Nikanyanyua ile simu nyeusi. Mlio ulikuwepo. Muuguzi akapokea, na gari likaja.

Alirudi nyumbani kesho yake, mzima. Kabla hata ya kukaa, aliniagiza niishonee simu kifuniko cha kitambaa kizuri, tena chenye kola. Nikaanza kutafuta karatasi ya kukatia vipimo. Akanitazama tu. Nikakata bila karatasi.