Sampuli Yangu Haijachanika

— Usiniguse! Nenda kamshike mkono mjomba wako.

Mchumba wangu aliganda mlangoni mwa maabara. Muda mfupi kabla ya hapo, mbele ya kikao kizima, alikuwa amemuunga mkono mjomba wake, profesa anayetuongoza sote: eti sampuli yangu imechanika, itupwe, na utafiti wangu ufungwe leo leo.

— Mpenzi, mjomba ndiye aliyenilea. Na ndiye anayepeleka posa kwenu Jumamosi.

— Kwa hiyo posa yangu unailipia kwa kazi yangu? Sampuli uliiangalia?

Akaanza kuchezea kitasa cha mlango.

— Nakuuliza wewe!

— Sikuiangalia.

Nilicheka kwa hasira. Hapa kazini wananiita Bi Utepe, maana nabandua fuwele kwa utepe wa gundi mpaka yabaki matabaka mawili matatu ya atomi, membamba kuliko uongo wa mwanamume.

— Kaa hapo. Tazama skrini.

Nikakaza skrubu taratibu. Kipande cha plastiki kilichobeba sampuli kikapinda, na mstari unaoonyesha nguvu ya sumaku yake ukapanda kwenye skrini.

— Ikinyooka, sumaku ya tabaka hili inaelekea huku, ya tabaka la jirani inaelekea kule, zinafutana. Nikiipinda, zote zinageukia upande mmoja.

— Au imechanika tu.

— Kitu kilichochanika kinajiunga chenyewe?

Nikalegeza skrubu. Mstari ukashuka hadi ulipoanzia. Nikakaza, ukapanda. Akavuta kiti, akaishika skrubu mwenyewe, akarudia mpaka jasho likamtoka.

— Mungu wangu. Nimekuumbua bure.

— Umeniumbua mbele ya watu. Kanisafishe mbele ya watu.

Simu yake ikalia. Ujumbe wa mjomba: "Mwambie huyo mchumba wako akabidhi funguo za maabara. Binti anayeolewa kwetu hashindani na wakubwa."

Alinionyesha, kisha akapiga na kuweka spika.

— Mjomba, kikaoni nilisema nisichokijua. Sasa nimeiangalia. Sampuli ni nzima.

— Umelishwa nini wewe? Basi posa jipelekee mwenyewe!

— Nitajipelekea. Na funguo hakabidhi mtu.

Nilikuwa bado nimenuna, lakini moyo, huo msaliti, ukaruka kwa furaha.

Haukupita muda, Profesa akaingia kama moto wa kifuu, nusu ya kikao ikimfuata nyuma kushuhudia nikifukuzwa.

— Shikamoo, Profesa.

— Marahaba. Funguo!

— Shikamoo nimekupa. Funguo sikupi mpaka utazame.

Watu wakaguna. Mchumba wangu akaja kusimama ubavuni kwangu.

— Nilikosea, akawaambia wote. Yeye ndiye yuko sahihi. Mjomba, tazama.

Nikakaza, nikalegeza, nikakaza tena. Mstari ukapanda, ukashuka, ukapanda. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasogea karibu na skrini.

— Hebu pinda tena, alisema, sauti imemshuka.

Nikamsogezea kiti.

— Pinda mwenyewe, mjomba. Na Jumamosi usichelewe, kwetu hawapendi kungojeshwa.