Sifuri ya Tekle

Kila Jumamosi na Jumapili za Septemba, Tekle aliamka mapema, akanywa chai, akapanda kilima cha chini kuhesabu mwewe wanaohamia kusini. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo alijitolea mwenyewe bila kusukumwa na mtu. Kwenye kilima cha juu alikaa Mzee Badri, naye akihesabu. Jioni wote wawili walipeleka karatasi zao nyumbani kwa Mwalimu Mzia, msimamizi wa hesabu hiyo ya ndege.

Jumamosi moja karatasi hazikulingana. Kati ya saa nne na saa tano asubuhi, Mzee Badri aliandika mwewe mia sita na arobaini. Tekle aliandika sifuri. Na ndege wakishapita kilima cha juu, lazima wapite na juu ya kilima cha chini.

Majirani waliokuwa pale sebuleni walianza kutazamana. Ujanani Badri alikuwa akinasa vipanga kwa wavu na kuwafundisha kukamata kware, kama wanaume wengi wa kijiji. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba mtu wa mitego haaminiki. Mwingine akauliza kwa nini mzee anapenda kukaa peke yake kule juu. Hata Tekle alimtupia jicho la pembeni, akaona makovu ya kucha mikononi mwake, akajiambia kwamba huenda kweli mzee ametunga. Alitamani sana iwe hivyo.

Maana saa nne ile bibi yake alimwita akale mkate wa jibini ungali moto. Alishuka mbio, akala, akapiga soga na binamu yake. Aliporudi anga lilikuwa tupu, basi akajaza ile nafasi kwa sifuri bila kufikiri mara mbili.

"Mzee Badri," mwalimu alisema taratibu, "mtoto huyu hana sababu ya kudanganya. Wewe unasemaje?"

"Niliwaona, nikawahesabu. Kama hamniamini, kesho sipandi." Akavua darubini shingoni, akaiweka mezani.

Hakuna aliyemzuia. Mzee alikuwa ameshashika kitasa cha mlango Tekle aliposimama. Aibu ilimjaa mpaka masikioni.

"Mwalimu, mimi sikuwepo," alisema. "Nilikwenda kula. Sifuri niliiandika tu."

Yule mama wa minong'ono akainamia kikombe chake.

Mwalimu Mzia alimsogezea karatasi. "Ikate, uandike kwamba hukuwepo. Ukiandika sifuri, unatuambia ulitazama anga saa nzima usione kitu. Ungeacha nafasi wazi, mwanangu, tungeelewa. Sasa uongo wako mdogo umetufanya tumshuku mtu mkweli, na mimi nikiwa wa kwanza. Mzee, naomba radhi."

Tekle aliikata sifuri, akaandika. Kisha akamfuata Mzee Badri mlangoni, darubini mkononi, akamwomba msamaha. Mzee hakutabasamu. Alimvisha Tekle ile darubini shingoni.

"Macho yangu yamechoka," alisema. "Kesho twende sote juu. Wewe hesabu, nami nitaandika utakachoniambia."