Pumzi Chini ya Kiti cha Nyuma

Imelda alikuwa anafuta kiti cha nyuma cha gari la mumewe pale kitambaa kilipomtoka mkononi.

Hakikunyakuliwa. Kilimponyoka taratibu, kikaenda kujibandika kwenye kile kitundu chenye vyuma pembeni ya kiti, kikawa kinacheza pale, kinaingia, kinatoka, kama shuka kifuani kwa mtu aliyelala. Na gari lilikuwa limezimwa. Ufunguo wenyewe alikuwa ameufunga kwenye pindo la kitenge, kiunoni.

“Baba Recho!” aliita. “Njoo uone, gari lako linapumua.”

Watson alikuwa barazani anakunywa chai. Alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali.

“Hiyo feni ya kupoza betri, mke wangu. Leo ndiyo unaijua?”

“Limezimwa.”

“Bi Mkubwa hazimiki,” Watson akasema, akarudi kwenye andazi lake.

Bi Mkubwa ndilo jina ambalo majirani wa Chapwa, hapa Tunduma, walilipa gari lile, na tusiwalaumu, walikuwa na macho. Lilikuwa haibridi, la petroli na umeme, ambalo likiondoka kwa umeme halimwamshi hata kuku aliyelala njiani. Watson alilinunua limechoka, akalichosha zaidi kwa kubeba abiria kwenda Vwawa na kwa wachimba dhahabu wa Mkwajuni, mpaka kilomita zikapita laki sita. Magari ya wenzake ya umri ule yalishakuwa mabanda ya kuku. Lake linatembea. Oili haikuchelewa, maji ya kupozea hayakuchelewa, na ile feni ilipigwa mswaki kila Jumamosi. Imelda alikuwa na jino bovu mwaka wa pili sasa. Hilo halikuwa na siku yake. Watson akisema asubuhi, “Leo hajisikii vizuri,” ilibidi mke aulize ni nani.

Siri ya uzima wa gari ilikuwa betri. Betri kubwa ya haibridi imelala chini ya kiti cha nyuma, na ndani yake kuna seli nyingi nyembamba zimepangwa kama mikate kwenye trei. Ikifa moja, zote zinaugua. Wenye uwezo hununua betri nzima. Watson alikuwa akitoa iliyokufa na kutia nyingine iliyotoka kwenye gari lililopata ajali. Mwaka huo mvua zilipokatika alirudi nyumbani na seli kadhaa nzima, amezifunga kwenye koti lake, na hakusema kazipata wapi. Tangu zilipoingia, gari likawa jepesi kama ng'ombe aliyeona mto. Likawa pia na harufu. Imelda alipiga sabuni, alipiga ndimu, harufu ikabaki ileile, ya bucha lililokatikiwa umeme.

Sasa, aliyeanza kuumia ni Goodness, muuza vitenge, mwanamke mmoja ambaye mdomo wake ulikuwa unafika Vwawa kabla ya gari. Siku hiyo jua likiwa utosini alikaa nyuma peke yake, Imelda amekaa mbele kwa mumewe. Goodness alikuwa anamsema mke wa mchungaji. Akakatiza katikati.

“Watson, hebu mwambie huyu dada asogee. Ananilalia.”

“Dada gani?” Watson akauliza.

Imelda aligeuka. Goodness alikuwa anatazama pembeni yake, kwenye kiti kitupu, na kiti kile kilikuwa kimebonyea. Kabla mtu hajasema neno, rasta za Goodness zikachomoka kutoka kwenye kilemba, zikanyooka zote upande mmoja, zikaingia kwenye kile kitundu cha feni, na kichwa chake kikapigwa kwenye plastiki ya mlango mara moja, mara mbili, mkanda wa kiti ukimpanda shingoni huku akirusha miguu na kumpiga Watson mgongoni, Watson akikanyaga breki ambayo ilikuwa laini kama uji, gari likienda bila sauti yoyote, bila injini, ila ule mvumo mdogo chini ya kiti, unavuta, unavuta, mpaka kitu kikapasuka kama kitambaa kipya na Goodness akaanguka mbele, ameacha nyuma kipande cha ngozi ya kichwa cha upana wa kiganja.

Ndipo breki zikashika.

Mchungaji aliletwa, akaombea gari, akaondoka pua inatoka damu. Watson akasema ni shinikizo la damu, mtumishi apunguze chumvi.

Gari likapelekwa kwa Edson, fundi wa umeme wa magari palepale Chapwa, kijana mwangalifu. Imelda alisimama mlangoni akamwona kwa macho yake akichomoa plagi ya usalama na kuitia mfukoni, ili umeme wa betri usiwe na njia. Alivaa glavu. Akainua kiti, akafungua mfuniko.

“Shemeji,” alinong'ona, “njoo utazame, halafu usipige kelele.”

Rasta za Goodness zilikuwa mle ndani. Hazikuwa zimezongana kama uchafu unavyozongana kwenye feni. Zilikuwa zimesukwa upya, kwa mistari iliyonyooka, zikazungushwa kwenye seli chache za katikati, namna mwanamke anavyofunga mtoto mgongoni.

Edson akanyoosha mkono azitoe. Mkono ukaingia mpaka kwenye kiwiko mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya kuingiza hata kijiko. Aligeuza uso kumtazama Imelda, na Imelda akasikia mifupa, tak, tak, kama mtu anavunja kuni mbichi gotini, halafu Edson akarushwa hadi kwenye ukuta wa mabati. Glavu ilibaki kwenye betri. Vidole viwili vilibaki ndani ya glavu.

Watu walisema ni shoti. Edson mwenyewe, wakimfunga kitenge mkononi kuzuia damu, alimnong'oneza Imelda sikioni.

“Umeme unachoma, shemeji. Mimi nimeng'atwa. Muulize mumeo hizo seli za katikati kazitoa wapi.”

Jioni hiyo, gari likiwa limerudishwa bandani, Imelda hakutenga chakula. Aliweka sufuria ya ugali mezani, akaweka mkono juu ya mfuniko.

“Kwanza unieleze.”

Watson alivuta kiti. “Ile haibridi iliyogongwa na lori pale mteremkoni, kabla ya Mlowo. Mimi ndiye niliyefika wa kwanza.”

Imelda aliijua ajali ile. Tunduma nzima iliijua. Alikufa dereva, na akafa binti mmoja wa Msangano aliyeitwa Tusekile. Ukoo wao mtu akifia barabarani, jamaa huenda pale alipoangukia, mama yake akamwita kwa jina mara tatu, kisha wakachota udongo kwenye kikapu na kuupeleka kaburini. Kikapu kikiwa kizito kupita udongo wenyewe, basi marehemu ameitika, wamemchukua. Cha Tusekile kilirudi chepesi kama cha pumba. Sokoni walilisema jambo hilo mwezi mzima.

“Yule binti alikuwa amekaa nyuma,” Watson akasema.

“Alikuwa ameshakufa?”

Watson akatazama sufuria.

“Baba Recho, nakuuliza.”

“Alikuwa anapumua. Kidogo.”

“Ukamtoa.”

“Nikamtoa, nikamlaza majanini.”

“Umpeleke hospitali.”

 Nje, kwenye banda, kitu kilivuta pumzi.

“Kiti kile hakifunguki mtu akiwa amelala juu yake, mke wangu,” Watson akasema polepole. “Na Bi Mkubwa alikuwa na seli mbovu. Ningechelewa, wengine wangezichukua. Nilisema nitoe seli kwanza, halafu nimpakie. Nilipomaliza alikuwa ameshanyamaza.”

Imelda aliondoa mkono kwenye mfuniko. Hakuwa na njaa, lakini alimtengea mumewe, kwa sababu alikuwa mumewe, na usiku kucha aliwaza jambo moja tu: afanye nini ili mtu huyu asife.

Akampelekea ujumbe mama wa marehemu, Bibi Enesi wa Msangano, kwamba seli za gari lile wanazo wao. Bibi alifika na wanawe wawili, wanaume wa mabega, wasiosema. Watson akawaambia alizinunua zile seli kwa mtu asiyemjua. Imelda alisikia uongo ule, akatazama vidole vyake vya miguu, akanyamaza.

“Hatukudai kitu, baba,” Bibi Enesi akasema. “Mwanangu alishikilia kile alicholalia. Tupe tukazike, na wewe upone.”

Watson akaingia bandani peke yake. Alitoka na seli zimefungwa kwenye gunia, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Bibi alilipima gunia mkononi, akalia kwa furaha. Zito! Na vyuma vikikosa kuwa vizito, nini kitakuwa kizito?

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Imelda alikuwa anaanika nguo uani na Watson anaosha gari, anapiga mluzi. Ufunguo ulikuwa ndani, juu ya kabati. Imelda aliona tairi la mbele likigeuka. Alidhani ni maji yanayomchezea macho. Halafu gari likasogea, bila sauti hata ya kokoto, likamsukuma Watson magotini kwa upole kabisa, kama mbuzi anayeomba pumba, naye akacheka, akasema, “Wee, handibreki,” akaweka mikono kwenye boneti kulizuia, na likaendelea kumsukuma, hatua kwa hatua, mluzi umeisha, viatu vyake vikilima matope, mpaka mgongo wake ulipogusa ukuta wa matofali na kicheko kikawa kitu kingine, kwa maana Imelda alisikia mapaja ya mumewe yakivunjika, moja kisha la pili, akatupa nguo akakimbia, akaona hakuna mtu kwenye usukani, ila mkanda wa kiti cha nyuma umefungwa, umebana kitu chenye upana wa mtu, na gari likarudi nyuma taratibu, Watson akaporomoka kama nguo iliyodondoka kambani, likamwendea tena, kimyakimya, likampanda miguu, likasimama juu yake.

“Sikuwapa!” Watson alipiga kelele, damu inamtoka puani. “Imelda! Sikuwapa zenyewe! Niliwapa zilizokufa! Zile nzima zimo humu humu!”

“Kwa nini?” Imelda akalia. “Kwa nini, mume wangu?”

“Lisingetembea!”

Hakuna mke aliyewahi kujibiwa hivyo akabaki na simile. Imelda alichukua mtaimbo wa kuchimbia mashimo ya choo, akavunja kioo, akaingia kwa kupitia vipande, akajichana matiti na tumbo, akachomeka mtaimbo chini ya kiti na kukipasua. Mkanda ulimshika shingo. Aliukata kwa kioo. Kitundu kilimvuta nywele, aliacha ziende. Alipiga ule mfuniko mpaka ukafunguka, akatia mikono yote miwili mle ambamo Edson aliacha vidole. Hakung'atwa. Seli zilikuwa za moto, moto wa mwili wa mtu, na zilikuja kwenye mikono yake zenyewe, kama mtoto aliyechoka kubebwa na shangazi akamwona mama.

Gari likazima. Majirani kumi wakalinyanyua juu ya Watson, wakamkimbiza hospitali, angali hai, miguu yote miwili imesagika.

Imelda hakwenda naye. Alizifunga zile seli mgongoni kwa kitenge, na damu zake hivyo hivyo, akapanda gari la Msangano. Njia nzima mgongo ulikuwa unapata moto. Konda akamuuliza, “Mama, mtoto anaumwa?” Imelda akamjibu kwamba amelala.

Bibi Enesi alimpokea uani, wanawe wakiwepo, kaburi la Tusekile likionekana nyuma ya nyumba.

“Shikamoo, mama. Mume wangu aliwadanganya. Hizi ndizo zenyewe.” Akapiga magoti. “Na mimi niliwadanganya. Alimtoa garini akiwa anapumua. Alimlaza majanini, akatoa seli kwanza. Nilijua, nikanyamaza, ili asidhurike. Naomba mzike, mumsamehe, aishi.”

Wale kaka wawili wakasimama. Mama yao akanyoosha kiganja, wakakaa. Alizishusha seli kutoka mgongoni kwa Imelda, akaziweka kwenye kikapu, akanyanyua kikapu.

Uso wake ukabadilika.

“Chepesi,” akasema.

“Mama, ndizo, naapa kwa Mungu!”

Bibi Enesi alimtazama Imelda mgongoni, pale kitenge kilipokuwa kimebana, akamtazama machoni. Akaita, kwa sauti ndogo.

“Tusekile.”

Kuku walikuwa wanachakura. Hakuna aliyejibu.

“Tusekile.”

Imelda alitaka kusema kwamba anaona baridi. Akakuta ulimi haupo mahali pake.

“Tusekile, mwanangu.”

“Abee, mama,” kikasema kinywa cha Imelda.

Kaka mkubwa alijikojolea, mwanaume mzima. Bibi Enesi yeye aliushika ule uso kwa mikono yote miwili, akaufuta damu, akaufuta machozi ambayo hayakuwa ya binti yake.

“Umerudi. Njoo basi tukupumzishe, kaburi lako lipo tayari.”

“Bado, mama.”

“Unataka nini tena?”

“Nauli tu. Mume wangu amelazwa Tunduma, hawezi kutembea, hana mtu wa kukaa naye.”

Bibi Enesi alifikiri kidogo. Akafungua pindo la kitenge chake, akatoa noti, akamwekea kiganjani na kukikunja kiganja.

“Wahi, mwanangu,” akasema. “Basi la jioni halisubiri.”

Akamsindikiza mpaka barabarani. Imelda, kule ndani kabisa alikosukumwa, alikuwa anapiga, anakwaruza, anamwita mumewe akimbie. Na miguu yake ikapanda ngazi ya basi, ikaenda kuketi kiti cha nyuma.