Sweta ya Shangazi Phelista

Mkono wa kushoto wa sweta ya mtoto ulikuwa umerefuka vidole vitatu, na Nelima hakuwa ameufuma.

Alikuwa ameiacha kitini saa nane mchana, akaenda jikoni kuongeza maji kwenye maharagwe. Mvua ya Agosti ikaanza kupiga mabati ya mtaa wa Kibomet, kama inavyofanya kila siku saa hizo. Aliporudi, mkono ule ulining'inia chini kuliko mwenzake. Akajicheka. Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba husahau hata kisu alichokishika. Mistari kumi na miwili ya kufuma ni nini?

Ila vishono vile vilikuwa vimelala upande mwingine, kama vya mtu anayefuma kwa mkono wa kushoto. Nelima hutumia wa kulia. Alivitazama kwa muda, kisha akakunja kazi yake na kuiweka kikapuni.

Kufuma kwenyewe alikuwa amekatazwa. Huko Kimilili, nyumbani kwa mume wake Hillary, walisema nguo ya mtoto haiandaliwi kabla mtoto hajalia. Walisema kwa upole, kwa sababu Nelima alikuwa amepoteza mimba mbili. Lakini upole nao huchosha. Mara mbili alingoja mikono mitupu, na kungoja hakukumsaidia. Safari hii akaapa kwamba mtoto wake atakuja akute ameandaliwa, na wa kukasirika akasirike.

Dukani kulikuwa na uzi ule wa kuwasha shingo tu, kwa hiyo alifumua sweta nzee ya sufu, ya rangi ya kahawia, aliyopewa Kimilili mwaka jana. Alipewa siku ya kunyoa, siku ya tatu baada ya mazishi, nguo za marehemu zinapogawanywa. Marehemu alikuwa shangazi yake Hillary, Phelista, mwanamke wa mkono wa kushoto, mvuta ugoro, mpiga chafya tatu kwa mfululizo. Alilea watoto wa ukoo mzima na hakuzaa wa kwake. Mama mkwe, Dinah, ndiye aliyemkabidhi Nelima sweta ile, bila kumtazama usoni.

Ijumaa Nelima aliitia sweta ya mtoto kwenye mfuko akaenda nayo mjini kutafuta vifungo. Manpreet, mke wa mwenye duka la nyuzi, alikuwa rafiki yake tangu walipobadilishana mitindo ya kufuma. Alimwaga vifungo vidogo vyeupe juu ya kaunta, akaitandaza sweta, kisha akasimama.

"Nelima, si uliniambia ni ya mtoto mchanga?"

"Ndiyo."

"Huyu mchanga ako klasi ya ngapi?"

Nelima alitazama. Asubuhi ile sweta ilikuwa inaenea kwenye viganja vyake viwili. Sasa ingemtosha mtoto wa miaka saba. Alicheka kwa sauti, akasema amekosea vipimo, akatoka bila vifungo. Njiani aligundua kwamba hajasikia teke tangu alfajiri.

Jumatatu kliniki, nesi alipitisha futi ya kupimia juu ya tumbo lake, akaangalia daftari, akapima tena.

"Mama, hii tumbo imesimama. Wiki tatu haijaongezeka. Unakula?"

"Nakula."

"Mtoto anacheza?"

Nelima alisema, kidogo tu. Moyo wa mtoto ulisikika, lakini polepole, na nesi akamwambia arudi baada ya wiki moja, na kwamba asiposikia mateke arudi siku hiyohiyo. Nelima aliogopa, na sioni haja ya kumfichia. Kisha akaomba kuazima ile futi.

Nyumbani aliitandaza sweta kitandani akaipima. Akaandika. Akapima tena kesho yake baada ya mvua, na siku iliyofuata. Sweta iliongezeka. Tumbo halikuongezeka. Na donge la uzi kikapuni halikupungua hata kidogo, ukubwa wake ni uleule, kwa hiyo alijua uzi ulikuwa unatoka wapi.

Hillary alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa kuamini anachokiona. Alirudi mapema mchana wa Alhamisi kwa sababu stima ilikuwa imepotea, akamkuta mkewe amesimama nje ya mlango wa sebule, mvua ikimlowesha.

"Neli, kwani kuna nini?"

"Shh. Sikia."

Ndani ya nyumba, chini ya kelele za mabati, sindano zilikuwa zinagongana. Tik, tik, tik, bila haraka, kama za mtu aliye na siku nzima. Kukaja harufu ya sufu iliyolowa na ya ugoro. Kisha chafya moja, na ya pili, na ya tatu.

"Hiyo si..." Hillary alianza.

"Usimtaje," Nelima alinong'ona.

Akasukuma mlango. Kiti kilikuwa kitupu. Sweta ilikuwa imelala juu yake, ina joto, na sasa ingemtosha msichana wa sekondari.

Hillary alimleta mwombezi wa mtaani na chupa yake ya mafuta. Mwombezi akasema ni jini la kutumwa, sweta ichomwe mara moja. Waliiweka kwenye jiko la makaa pale uani. Haikushika moto. Ilitoa moshi wa harufu ya ugoro, na Nelima akapiga yowe, akashika tumbo lililokuwa limepata joto ghafla, mpaka Hillary akaipokonya jikoni kwa mikono mitupu na kuitumbukiza kwenye karai la maji. Mwombezi hakuaga. Alisahau chupa yake dirishani, na ukiniuliza mimi, hicho ndicho kitu pekee cha maana alichowaletea, maana yalikuwa mafuta mazuri ya alizeti.

Lakini Hillary alipokuwa anaitoa sweta majini, ukucha wake ulinasa uzi, na mstari mmoja ukafumuka.

Mtoto akapiga teke.

Nelima aliinua kichwa. Akaushika uzi ule akavuta. Ukaja kidogo, kisha ukakaza. Akavuta zaidi, na upande wa pili mtu naye akavuta.

"Mpigie mama yako simu," alimwambia Hillary. "Mwambie aje kesho. Asitume mtu."

Dinah alifika siku ya pili na kuku kwapani na maneno mengi ya salamu. Maneno yalimwishia alipoiona sweta kitini. Ilikuwa sweta ya mtu mzima, kola yake ileile, mifuko yake ileile. Ilibakiza tu mkono wa kulia, kama upana wa kiganja kimoja ikamilike. Dinah alimwachilia kuku, akakaa sakafuni.

"Ati ulifumua?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nilikupatia uvae, Nelima. Si kufumua."

"Mama, niambie hii sweta ilikuwa na nini."

Dinah alijifuta uso na leso. "Phelista alisema tumzike nayo. Alinishika mkono hivi, akasema, Dinah, huko chini ni baridi, usisahau sweta yangu. Na mimi ndiye nilimvalisha. Nikamvalisha kabisa. Halafu nikaangalia, nikasema, sufu nzuri namna hii iende kwa mchanga? Nikaitoa. Hakuna mtu aliniona."

"Yeye alikuona," alisema Hillary.

"Wewe nyamaza, sijakuuliza!" Akamgeukia Nelima, akashusha tena sauti. "Kuna njia moja, mwanangu. Mwahidi jina. Hakuna mtoto wa ukoo amewahi kuitwa yeye, juu hakuzaa. Sema kwa mdomo wako, mtoto ataitwa Phelista. Atatulia. Wafu wetu wanataka jina tu."

Kwao jina la marehemu ni heshima, na Nelima alilijua hilo vizuri. Yeye mwenyewe angeweza kulitoa kwa moyo mweupe, kama lingeombwa. Alivua viatu. Akaketi kwenye stuli, akakikabili kile kiti.

"Sweta ni yake, nitarudisha," alisema. "Jina haliombwi kwa kumnyonga mtoto. Jina sitoi."

Nje mvua ikaanza.

Ilianza kwa matone, kisha ikamwagika yote kwa pamoja, na ndani ya kelele ile zikaja zile sindano, tik, tik, tik, sasa kwa haraka, na ule mkono wa kulia ukaanza kusogea mbele ya macho ya watu watatu, mstari juu ya mstari, na kila mstari ulipopanda Nelima alihisi kitu kinachomolewa taratibu chini ya kitovu chake, na harufu ya ugoro ikajaa sebule mpaka macho yakawasha, na Dinah akawa anaomba kwa Kibukusu na kwa Kiswahili na kwa lugha ya kanisa lake vyote kwa mpigo, na Hillary akasimama nyuma ya mkewe hajui ashike nini, na Nelima, badala ya kukimbia, akainama mbele, akatafuta ncha ya uzi kwa vidole, akaipata, akavuta kwa nguvu zake zote.

Uzi ukakaza hewani. Kutoka kitini ikaja sauti kavu, ya chini.

"Nasikia baridi."

"Najua, Shangazi," alisema Nelima. Meno yalikuwa yanagongana lakini hakuachilia. "Ulikosewa, na aliyekukosea yuko hapa sakafuni analia. Lakini mtoto wangu si blanketi yako."

"Baridi."

"Nitakufumia mwenyewe. Kwa sufu yako, si kwa damu yangu. Sasa acha kuvuta. Wewe ni mfumaji, unajua uzi haukunjwi na mtu mmoja. Nyoosha mikono unishikie."

Kisha uzi ukalegea.

Nelima alivuta, mstari ukafumuka, na uzi ule haukuanguka sakafuni. Ulisimama hewani juu ya kiti ukaanza kujizungusha kwenye mikono miwili isiyoonekana, upana wa mabega, jinsi wasichana wanavyowashikia nyanya zao. Alifumua mkono wa kulia, akafumua wa kushoto, akafumua kifua na mgongo, na mtoto alipiga teke, akapiga tena, akacheza tumboni mpaka gauni likaonekana linaruka. Uzi uliozidi, ule usiokuwa wa sufu ya kahawia, ulikuwa unayeyuka mikononi mwake kila ulipofika. Mvua ilipokatika, kitini palibaki kile alichoanza nacho, uzi wa sweta moja nzee.

Wiki tatu Nelima alifuma sweta ya Shangazi Phelista, saizi ya Shangazi Phelista, kila mstari kwa mkono wake. Nesi alipima tumbo, akapima tena, akasema sasa mama unakula vizuri. Septemba wakaenda Kimilili. Dinah alichimba yeye mwenyewe kwenye kaburi, bila kusaidiwa, akaiweka sweta, akafukia. Aliinama pale muda mrefu, midomo ikitembea. Nelima alidhani anaomba msamaha.

Mtoto alizaliwa mwisho wa Oktoba, watu wakivuna mahindi, msichana mwenye nywele nyingi na mapafu mazima. Siku ya nne, mchana, alianza kulia na hakunyamaza. Alikataa ziwa, akakataa mgongo. Dinah, aliyekuwa amekuja kumwona mjukuu, alisema ni wazi mtoto anatafuta jina lake. Ndivyo kwao wanavyofanya: mtoto akilia hivyo, majina ya waliotangulia huitwa moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake.

"Nakhumicha," aliita Dinah. Mtoto akalia. Akataja la mama yake mwenyewe. Mtoto akalia. Akasita, akamtazama Nelima pembeni mwa jicho. "Phelista."

Kilio kikakatika.

Mtoto alilala macho wazi, hapigi teke, hapepesi. Nelima aliujua ule utulivu. Alikuwa ameubeba tumboni Agosti nzima. Na sebuleni, siku ya jua kali, pakaanza kunuka ugoro.

"Uliongea nini pale kaburini, Mama?" aliuliza.

Dinah akakunja leso. "Nilimwahidi. Nilitaka tu alale, mwanangu. Na ona, mtoto ametulia! Ni jina tu."

"Uliahidi kitu si chako," alisema Nelima. "Kama ile sweta."

Alimtoa mtoto mikononi mwa mama mkwe, kwa heshima, kwa mikono miwili. Akageukia kile kiti kitupu.

"Shangazi, deni lako nilikulipa na ulivaa. Nenda. Huyu amezaliwa wakati wa mavuno, anaitwa Nekesa. Jina la msimu. Halina mwenyewe kaburini."

Chafya moja. Ya pili. Walingoja ya tatu na haikuja.

Nekesa akavuta pumzi, uso ukawa mwekundu, akaachia kilio kilichomfanya Hillary atupe vyuma vyake uani na kuja mbio. Alilia alasiri yote. Akalia giza likaingia, majirani wakabisha mlango kuuliza, na Dinah akaziba masikio akisema hatanyamaza huyu, hatanyamaza mpaka apewe jina lake.

"Basi asinyamaze," alisema Nelima. Alikuwa amechoka, maziwa yalikuwa yanamlowesha gauni, na alikuwa anatabasamu. Akampandisha mtoto begani, akaanza kumzungusha sebuleni.

"Lia, mama," alimwambia sikioni. "Lia mpaka wasikie Kimilili."